Dhahabu, Mkono wa Kushoto, Shaka, Mimi

Bibi niliyekuwa nikimhudumia Lidcombe, mtaa mmoja wa Sydney, alikuwa na daftari dogo la jalada la buluu, na kila nilipoingia jikoni alilifunga. Alilifunga taratibu, akaliweka chini ya gazeti, kisha akaweka kiganja juu ya gazeti na kunisalimia. Mwanzoni sikujali. Kila mtu ana yake. Lakini ukifanyiwa hivyo Jumanne, ukafanyiwa tena Ijumaa, halafu wiki inayofuata vilevile, unaanza kujiuliza ndani ya daftari kuna nini, na kwa nini macho yako ndiyo yanayokatazwa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi Auburn, kituo kimoja tu cha treni kutoka pale, na wakati huo ofisi yetu ya huduma za wazee ilikuwa imenipangia siku hizo mbili kwa bibi yule. Nilifagia, nilipiga pasi, nilipika, nilianika nguo, nilimfanyia manunuzi. Kumwogesha hakukuwamo. Alikwisha kuwaambia mapema, "Kuoga naoga mwenyewe," na ofisi ikaandika hivyo. Alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa Japani, na alikaa Sydney zaidi ya miaka arobaini. Binti yake wa pekee alikuwa Perth, upande wa pili wa nchi, akimpigia simu kila Jumapili. Wenzangu waliwaita wateja kwa majina yao ya kwanza kama desturi ya huku ilivyo, lakini mimi ulimi ulikataa kumwita mtu wa rika la bibi yangu jina kavu. Nilimwita Bibi, nikamweleza maana yake, naye akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa. Tuliongea Kiingereza, kila mtu na chake.

Kabla ya kuondoka nilikuwa nakaa kwenye kiti cha pale mlangoni, natoa simu ya kazi, na kuandika ripoti: nimefanya nini, mteja amekula nini, nimemwonaje. Alikuwa akinitazama nikiandika. Hakuwahi kuniuliza kitu.

Mwisho wa kiangazi alianza kuvaa glavu. Zilikuwa glavu nyeupe za pamba, nyepesi, za kuvaa bustanini, lakini yeye alizivaa ndani ya nyumba, kutwa nzima. Nilimpa kikombe, akakipokea kwa glavu. Nilimfungulia mlango wa kabati, akaja nyuma yangu na kushika kishikio kilekile kwa glavu. Nilirudi kwangu siku ile nikiwa nimevimba. Nilifikiri: mwanamke huyu hataki kugusa nilipogusa. Na kwa sababu sikuwa na wa kumwuliza, jibu nililojipa mwenyewe likakaa.

Wiki ileile nikagundua jambo la pili. Kando ya sinki palikuwa na kisahani alichozoea kuwekea pete yake ya ndoa anapoosha mchele. Ilikuwa pete ya dhahabu, nyembamba kwa kuvaliwa. Kisahani kilikuwa kitupu. Ijumaa nilipokwenda, kisahani chenyewe hakikuwapo.

Lazima niseme kwa nini nilishtuka. Miaka michache nyuma nilisafisha vyumba katika hoteli moja ya mjini, na mgeni mmoja akasema manukato yake yamepotea. Niliitwa, mkoba wangu ukamwagwa juu ya meza mbele ya wenzangu, mpaka kanga yangu ya kuswalia ikakung'utwa. Manukato yalionekana baadaye ndani ya gari la mgeni mwenyewe. Hakuna aliyeniita tena kuniambia samahani. Tangu siku ile, nyumba ya mtu ikipungukiwa na kitu, moyo wangu unaanza kujitetea kabla sijaulizwa.

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa kazi, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma. Yeye alikuwa akitoka Minto kuja upande wetu, na asubuhi tulipata dakika kumi za kuongea kituoni Lidcombe.

"Huyo bibi iko na kitu," aliniambia. "Glavu, pete, daftari. Anaandika juu yako, dada, mimi nakwambia."

"Aandike nini? Sijachukua kitu."

"Kwani lazima uchukue? Atakusanya, atakusanya, siku moja utaitwa ofisini, ukute mambo yote yamekwisha. Wewe jua kwanza kilichoandikwa."

"Nitajuaje? Ameandika kwa lugha yao."

"Herufi ni herufi. Waliozitunga ni watu."

Treni yake ikaja. Mimi nikaenda kazini na maneno yake.

Nafasi ilipatikana Jumanne iliyofuata. Kengele ya mlango ililia, mtu ameleta kifurushi, na bibi akainuka kwa haraka kiasi kwamba gazeti liliteleza. Daftari, ambalo siku ile alilifunika bila kulifunga, likabaki mezani, wazi. Nilisimama na kitambaa mkononi nikitazama mistari iliyoshuka kutoka juu kwenda chini kama shanga. Kupiga picha ndani ya nyumba ya mteja kulikatazwa kabisa na ofisi. Lakini mfukoni nilikuwa na orodha ya manunuzi na kalamu. Nyuma ya orodha nikanakili mstari wa mwisho, herufi tano, ya kwanza ikiwa imefungiwa ndani ya mabano. Sikuwa naandika, nilikuwa nachora: huku mkwaju wa kalamu, huku nukta, hapa kama paa la nyumba. Nilisikia mlango ukifungwa. Nikaikunja karatasi na kurudi kwenye sinki. Alipoingia alitazama daftari, akanitazama mimi, akalifunga.

Jumamosi nilikwenda maktaba ya karibu na kwangu. Niliuliza kamusi ya Kijapani, mkutubi akanipa kitabu kizito cha hizo herufi wanazoziita kanji, kila moja na maana yake kwa Kiingereza. Sikujua kwamba kitabu cha namna ile hakifunguliwi kama kamusi zetu. Hakuna a, be, che. Lazima kwanza uhesabu mikwaju ya kalamu, au ujue sehemu gani ya herufi ndiyo mzizi wake, ndipo upate ukurasa. Mkutubi alinionyesha kwa herufi moja, kisha akaniacha na mzigo wangu.

Nyepesi kuliko zote ilikuwa ya tatu, mikwaju minne: mkono. Iliyo juu yake ilikuwa na mikwaju mitano: kushoto. Mkono wa kushoto. Nilikaa nikaangalia neno lile. Kwetu mkono wa kushoto haupokei chakula wala hautoi salamu. Nikaendelea na ile ya kwanza, ya ndani ya mabano. Mikwaju minane: dhahabu.

Pete ikanijia mbele ya macho.

Herufi ya nne ilinitoa jasho. Niliitafuta kwa hesabu nikaikosa, kwa sababu nilikuwa nimechora mkwaju mmoja zaidi. Mwishowe nikaipata kwa mzizi wake. Kumbe ile alama ya ubavuni, mstari mmoja uliosimama na nukta mbili huku na huku, ni moyo. Wameusimamisha wima na kuubana ili herufi nyingine zipate nafasi. Na moyo huo ukiunganishwa na kilicho kuliani kwake, kitabu kilisema: ajabu, zimwi, kitu chenye kutiliwa shaka.

Ya tano ilikuwa na mkuki ndani yake. Maana yake: mimi.

Niliandika kwa Kiswahili, moja chini ya nyingine. Dhahabu. Mkono wa kushoto. Shaka. Mimi. Nikafunga kitabu.

Hata hivyo nilitaka shahidi. Karibu na kituo cha Auburn kuna mama wa Kichina anayeuza mboga, ambaye mimi humnunulia bamia na mchicha. Nilijua kwamba Wajapani walichukua herufi zao kwa Wachina. Nikamwonyesha karatasi yangu, nikamwambia nimeiokota.

"Dhahabu," alisema. "Mkono wa kushoto. Na hizi mbili za mwisho..." Akacheka kidogo. "Nilaumu mimi."

"Nani amlaumu nani?"

"Hivyo tu. Kulaumu, mimi. Nani ameandika, Mchina?"

"Mjapani."

"Ah. Wajapani wanaandika kama sisi, lakini wakati mwingine maana wanaijua wenyewe." Akanirudishia karatasi.

Neno lake la kwanza, kwamba wanaandika kama wao, nililibeba. La pili, kwamba maana wanaijua wenyewe, nililiacha palepale kwenye bamia.

Siku zilizofuata nilijitayarisha kama mtu anayekwenda mahakamani. Jumanne nilifanya kazi bila kufungua mdomo zaidi ya salamu. Kila kitu nilichogusa nilikigusa mbele yake. Mkoba wangu niliuacha wazi juu ya kiti ili auone. Naye, nikamwona, alikuwa ananichunguza. Nilipofagia karibu na bafu alikuja akasimama mlangoni mpaka nikamaliza. Nikasema moyoni, sasa ananilinda kama mwizi. Nilipokaa mlangoni kuandika ripoti yangu, alisimama ukumbini na glavu zake akanitazama mpaka nikaifunga simu.

Ijumaa nilikwenda nimeamua. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimesema. Nilimkuta jikoni. Sikuvua hata koti. Nilikunjua karatasi nikaiweka mezani mbele yake.

"Bibi, mimi sijachukua pete yako."

Aliitazama karatasi muda mrefu.

"Umesoma daftari," alisema.

"Nimesoma."

"Ofisi wanajua?"

"Bado."

"Usiwaambie. Nakuomba, usiwaambie."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa kukana, hata kwa polisi. Sikujiandaa kuombwa. Mshitaki gani anamwomba mshitakiwa asiseme?

"Kwa nini uliandika kwamba nimeiba dhahabu yako?" nikamwuliza.

"Dhahabu?" Aliinamia karatasi tena. "Dhahabu ipi?"

Nikaweka kidole juu ya herufi ya kwanza. Alikitazama kidole changu, kisha akageuka na kunyoosha mkono kwenye kalenda ya ukutani, kalenda ya Kijapani niliyoipangusa vumbi miezi yote ile. Juu ya kila safu palikuwa na herufi moja. Safu ya sita ilikuwa na herufi yangu.

"Hii Ijumaa," alisema. "Siku ya dhahabu. Jumanne, moto. Jumatano, maji. Ni majina ya siku tu."

"Na hii? Shaka. Mimi. Nimeiona kwenye kitabu."

"Hapana, hapana." Alizifunika zile mbili kwa kidole kimoja, 怪我, kana kwamba anazifunga pamoja. "Herufi mbili, neno moja. Usizitenganishe. *Kega*."

"Kega ni nini?"

Alikaa, akaanza kuvua glavu ya mkono wa kushoto, kidole kwa kidole, akiuma midomo. Mkono ulikuwa umevimba kuanzia vifundo vya vidole mpaka juu ya kifundo cha mkono. Damu ilikuwa imevilia chini ya ngozi, zambarau katikati na manjano kandokando. Kidole cha pete kilikuwa kinene kama cha mtu mwingine.

"Hii ndiyo kega," alisema.

Jeraha. Ijumaa, mkono wa kushoto, jeraha.

Nilivuta kiti nikakaa. Ukweli ni kwamba hata wakati ule shaka haikunitoka yote kwa mara moja. Nilijiuliza kama ananidanganya, kama amelitunga neno lile sasa hivi kujiokoa. Mpaka nikautazama mkono tena. Mkono haukutungwa.

Alinieleza kidogo kidogo. Alianguka bafuni. Haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa akiandika kila anapoanguka, siku gani na wapi ameumia, ili ajue kama uzee unamwendea mbio au pole pole. Pete aliivua kwa sabuni usiku wa kwanza kabla kidole hakijafura zaidi, akaificha kwenye kabati la dawa pamoja na bendeji, na siku chache baadaye akakichukua kile kisahani akaiwekea humo. Ndiyo maana alikuwa akisimama mlangoni mwa bafu. Binti yake alikwisha kusema: ukianguka tena, mama, nyumba inauzwa na unakwenda kwenye makao ya wazee.

"Nilidhani wewe unajua," aliniambia. "Kila siku unakaa pale mlangoni unaandika. Nilisema, huyu ameona. Anaandika nimeanguka. Ofisi wamemtuma."

"Nilikuwa naandika umekula wali na samaki."

"Mimi sikujua. Hukuwahi kunisomea."

Ilikuwa kweli. Sikuwahi.

Alifungua daftari akanisomea kurasa zake mwenyewe. Siku ya mwezi, ambayo ni Jumatatu, goti. Siku ya mti, Alhamisi, goti lilelile. Jumapili, nyonga. Kila mstari uliishia na zile herufi mbili, na zote niliziona ni zilezile, na zote zilikuwa siku ambazo mimi nilikuwapo nyumbani mle kesho yake au keshokutwa, nikifagia, nikilitazama daftari lake kwa chuki. Nilikuwa nimehesabu mikwaju ya herufi ya moyo mmoja mmoja na sikuona kwamba mtu anachechemea.

Nikamwambia ukweli. "Bibi, hili lazima niliseme. Nikinyamaza ukaanguka ukiwa peke yako, utabaki sakafuni mpaka siku yangu ifike."

"Umesema bado hujawaambia."

"Nitawaambia sasa, mbele yako. Sitakwenda kuandika mlangoni."

Alinisihi kwa Kiingereza, kisha kwa Kijapani, ambacho sikuhitaji kamusi kukielewa. Nilimpigia msimamizi wangu simu pale pale jikoni, nikasema nimeuona mkono wa mteja umevimba na kwamba ameanguka zaidi ya mara moja. Sikutaja daftari. Nilipokata simu bibi alikuwa amekwisha ondoka. Nilisikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Picha ya hospitali ilionyesha ufa katika mfupa wa kiganja, umeanza kuunga vibaya. Wakaufunga mkono plasta. Binti yake akaja kutoka Perth akakaa majuma mawili. Nilimkuta mara mbili, mwanamke mwembamba mwenye haraka, akizungumza na mafundi waliokuwa wakifunga vyuma vya kujishikia bafuni. Nyumba haikuuzwa. Waliweka kiti cha kuogea, kengele ya kuvaa shingoni, na mtu wa kuja kila asubuhi.

Mimi niliendelea na Jumanne na Ijumaa zangu. Ofisi ilimwuliza kama anataka abadilishiwe mtu, na aliyenieleza hivyo alisema bibi alijibu, "Abaki." Lakini kwa wiki nyingi hakunitengea chai kama alivyozoea. Alikuwa akinywa yake na mimi nikipiga pasi, sauti pekee ikiwa ya treni za mizigo kule nyuma ya uzio. Nilistahili. Sijui ni kwa lipi hasa, kwa kusoma au kwa kusema, lakini nilistahili.

Katika siku hizo nilirudi maktaba. Nilitaka kujua kama kitabu kilinidanganya. Nilifungua ukurasa uleule wa herufi yenye moyo ubavuni, na pale, chini ya maana zake, katika orodha ya maandishi madogo ya maneno yanayoanza na herufi hiyo, mstari wa pili, lilikuwapo: herufi mbili, neno moja, jeraha. Kwenye ukurasa wa dhahabu, mwisho kabisa, palikuwa pameandikwa Ijumaa. Vyote vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekwisha pata nilichokitafuta nikafunga kitabu.

Mwenzangu wa Minto nilipomsimulia akasema, "Ila pete uliiona kwa macho yako?" Nikamwambia ndiyo, niliiona, kwenye kabati la dawa. Akasema, "Basi sawa," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaridhika.

Chai ilirudi Jumanne moja ya mvua, bila maelezo. Aliweka vikombe viwili. Siku ile aliniuliza kwetu tunaiitaje kega, nikamwambia ni jeraha, akalirudia neno mara tatu na kila mara likitoka vibaya, tukacheka wote wawili. Hatukuwahi kuwa marafiki. Lakini akianguka au akiyumba aliniambia mwenyewe, na nilipomaliza ripoti nilimsomea kwa sauti, neno kwa neno, naye akasikiliza kama hakimu.

Aliishi mle mwaka mmoja zaidi. Kisha miguu ilikataa kabisa, na binti yake akaja kumchukua wakakae pamoja Perth. Asubuhi ya kuhama nilikwenda kusaidia kufunga vyombo. Bibi alikuwa amekwisha kalishwa garini, mkanda umefungwa, akitazama mbele. Binti yake alinifuata jikoni.

"Mama anasema unasoma Kijapani," alisema.

Alikuwa akitabasamu, lakini macho yake yalinipima. Nikaelewa kwamba amekuwa na swali hili tangu mwaka uliopita: mfanya usafi alijuaje kwamba mama anaanguka, wakati bintiye aliyempigia kila Jumapili hakujua?

"Neno moja tu," nikamwambia.

Alisubiri niseme ni lipi. Sikusema. Nilibeba sanduku la vikombe mpaka kwenye gari, nikaliweka miguuni pa bibi, pale ambapo halitaweza kuteleza.